Chaji za protini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pH, pKa na pI

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa biokemia, wataalamu wa maabara za hospitali, na watu wa kawaida waliotaka kujua kwa nini maziwa huganda au papai bichi hulainisha nyama. Yanaanza na misingi na kuishia kwenye mambo yanayowasumbua hata wazoefu. Jambo moja utalikuta kila mahali: pKa, yaani kipimo cha jinsi kundi la atomi linavyoachia protoni kwa urahisi, ni tabia ya kundi pamoja na mahali lilipokaa, si tabia ya kundi peke yake.

## Misingi

Ni makundi yapi kwenye protini yanayoweza kupokea au kuachia protoni (ayoni ya haidrojeni)?

Kwa kawaida huhesabiwa tisa. Saba ni minyororo ya pembeni ya asidi amino, na mawili ni ncha za mnyororo wenyewe: ncha ya amino protini inapoanzia na ncha ya kaboksili inapoishia. Thamani za pKa zilizo hapa chini zimepimwa kwenye peptidi fupi (minyororo mifupi ya asidi amino), ambamo kundi limezungukwa na maji pande zote.

| Kundi | pKa | Chaji likiwa na protoni | Chaji likiachia protoni |
|---|---|---|---|
| Ncha ya kaboksili | 3.7 | 0 | −1 |
| Asidi aspatiki | 3.7 | 0 | −1 |
| Asidi glutamiki | 4.3 | 0 | −1 |
| Histidini | 6.5 | +1 | 0 |
| Ncha ya amino | 8.0 | +1 | 0 |
| Sisteini | 8.6 | 0 | −1 |
| Tairosini | 9.8 | 0 | −1 |
| Lisini | 10.4 | +1 | 0 |
| Arijinini | zaidi ya 12 | +1 | 0 |

Ukifungua vitabu vitatu utakuta namba tatu zinazotofautiana kidogo. Usishtuke. Wengine walipima asidi amino iliyo huru, wengine peptidi, na kiasi cha chumvi kwenye myeyusho nacho kilitofautiana. Kuhusu arijinini, ambayo ndiyo yenye mzozo mkubwa, tazama sehemu ya mwisho.

pKa inasema nini hasa?

Ni pH ambayo nusu ya nakala za kundi hilo zina protoni na nusu nyingine zimeiachia. pH ikishuka chini ya hapo, protoni ni nyingi kwenye maji na kundi huelekea kuishika. pH ikipanda, kundi huelekea kuiachia. Basi pKa ndogo maana yake kundi huachia protoni kwa urahisi, yaani ni asidi yenye nguvu zaidi, na pKa kubwa maana yake linaing'ang'ania.

Kipimo cha pH chenyewe kilizaliwa kwenye kazi ya protini. Søren Sørensen alikipendekeza mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akiwa anachunguza vimeng'enya, kwa sababu aliona kwamba kasi ya vimeng'enya haieleweki bila kujua kiasi cha ayoni za haidrojeni.

Kama lisini na asidi aspatiki zote huachia protoni, mbona moja ina chaji chanya na nyingine hasi?

Hapa ndipo wengi hukwama, na jibu liko kwenye safu mbili za mwisho za jedwali. Kundi la kaboksili likiwa na protoni halina chaji, na likiachia hubaki na chaji hasi. Kundi la amino la lisini likiwa na protoni lina chaji chanya, na likiachia hubaki bila chaji. Kuwa na protoni si sawa na kuwa na chaji chanya. Kabla ya kufanya hesabu yoyote, jiulize mambo mawili: kwa pH hii, kundi lina protoni au halina? Na likiwa hivyo, chaji yake ni ipi?

Nitajuaje ni sehemu gani ya kundi ina protoni kwa pH fulani?

Tumia mlinganyo unaobeba majina ya Henderson, aliyetoa umbo lake la kwanza mwaka 1908, na Hasselbalch, aliyeuandika kwa logi mwaka 1916. Kwa umbo linalofaa kazi hii:

sehemu yenye protoni = 1 ÷ (1 + 10^(pH − pKa))

Chukua histidini yenye pKa 6.5 ndani ya damu yenye pH 7.4. Tofauti ni 0.9, na 10^0.9 ni karibu 7.9. Kwa hiyo sehemu yenye protoni ni 1 ÷ 8.9, yaani karibu asilimia 11. Ipeleke histidini hiyo hiyo kwenye pH 6.0 nayo itakuwa na protoni kwa asilimia 76. Lisini kwa pH hizo zote mbili haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana, maana pKa yake iko mbali. Kanuni ya haraka: ukiwa umbali wa vizio viwili vya pH kutoka kwenye pKa, kundi limekaa upande mmoja kwa asilimia 99.

Vipi serini, asparajini, triptofani na vifungo vya peptidi?

Kwa pH ambazo protini huishi, hesabu kwamba havina chaji. Serini na thireonini huachia protoni kwa pH ya 13 na zaidi tu zikiwa kwenye maji. Asparajini na glutamini ni amidi, na amidi si amini: naitrojeni yake haishiki protoni kwa pH za kawaida. Wanafunzi wengi huona herufi N kwenye mchoro na kuongeza chaji chanya isiyokuwepo. Hali hiyo hiyo ipo kwenye vifungo vya peptidi.

## Kutoka kwenye jedwali hadi protini iliyojikunja

Kwa nini pKa iliyopimwa kwenye protini hailingani na ya kitabuni?

Kwa sababu jedwali linaeleza kundi lililo kwenye maji, na ndani ya protini mambo mengine yanaingia. Makubwa ni matatu.

La kwanza ni kunyimwa maji. Molekuli za maji hupanga ncha zao kuizunguka chaji na kuituliza. Kundi likizikwa katikati ya minyororo ya mafuta isiyopenda maji, kuwa na chaji kunakuwa ghali, na kundi huchagua hali isiyo na chaji. Kwa asidi aspatiki na glutamiki maana yake ni kubaki na protoni, hivyo pKa hupanda. Kwa lisini na histidini maana yake ni kuiachia, hivyo pKa hushuka. Angalia vizuri kwamba sababu moja inasukuma makundi haya pande mbili tofauti.

La pili ni majirani wenye chaji. Chaji hasi iliyo karibu huifanya protoni isitoke kwa urahisi, na pKa hupanda kwa aina zote. Chaji chanya iliyo karibu hufanya kinyume.

La tatu ni bondi za haidrojeni. Kaboksili isiyo na protoni ikipokea bondi mbili tatu kutoka kwa majirani, hali hiyo hutulia na pKa hushuka.

Nguvu zinazohusika si ndogo. Kuisogeza pKa kwa kizio kimoja, kwa nyuzi 25, ni sawa na nishati ya kilojuli 5.7 kwa moli, na protini nyingi husimama kwa tofauti ya nishati isiyozidi mara kumi ya hiyo. Katika vipimo vilivyokusanywa kutoka protini nyingi, asidi aspatiki imeonekana kuanzia pKa 0.5 hadi 9.2. Wastani wake ni 3.5, karibu sawa na wa jedwali, lakini wastani huo hausemi lolote kuhusu kundi lililo mbele yako.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni lisozaimu ya ute wa yai, kimeng'enya cha kwanza ambacho umbo lake lilijulikana kwa miale ya X, mwaka 1965. Pale kazi inapofanyika kuna kaboksili mbili zinazotazamana: glutamiki namba 35 na aspatiki namba 52 (namba ni nafasi kwenye mnyororo). Ya kwanza imekaa sehemu yenye mafuta na pKa yake ni karibu 6.2. Ya pili imezungukwa na bondi za haidrojeni na pKa yake ni karibu 3.7. Kwa pH 5, ambapo lisozaimu hufanya kazi vizuri, moja ina protoni ya kutoa na nyingine ina chaji hasi tayari. Kimeng'enya kinazihitaji zote mbili kwa wakati mmoja ili kukata ukuta wa bakteria. Zingekuwa na pKa za kitabuni, kazi hiyo isingefanyika.

Je, lisini inaweza kukosa chaji kwa pH 7?

Inaweza. Kimeng'enya cha bakteria *Clostridium acetobutylicum* kinachoondoa kaboni dioksidi kwenye asetoaseteti kina lisini namba 115 yenye pKa ya karibu 6, vizio zaidi ya vinne chini ya kawaida. Lazima iwe hivyo, maana lisini isiyo na protoni ndiyo inayoweza kushikamana na molekuli inayofanyiwa kazi.

Historia ya maelezo yake inafundisha. Frank Westheimer na wenzake walieleza kwamba lisini ya jirani, namba 116, ndiyo inayoisukuma pKa chini kwa chaji yake chanya, na kwa miongo mingi maelezo hayo yalifundishwa kama mfano bora. Umbo la kimeng'enya lilipochapishwa mwaka 2009, ilionekana kwamba mnyororo wa lisini 116 umeelekea upande mwingine. Kinachoshusha pKa zaidi ni kuzikwa mahali pasipo na maji. Kipimo cha pKa kilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila sababu ilikuwa nyingine.

Kundi la Bertrand García-Moreno katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilipima jambo hili kwa mpango maalumu: waliweka lisini moja moja sehemu 25 za ndani ya nyukilezi (kimeng'enya kinachokata DNA) ya bakteria wa stafilokoka. Iliyoshuka kuliko zote ilifika pKa 5.3. Nyingine chache hazikubadilika karibu hata kidogo, ingawa nazo zilikuwa ndani, kwa sababu protini ilijifungua kidogo na kuwapa maji nafasi.

Kwa nini histidini hutajwa kila mara?

Kwa sababu pKa yake ya kawaida iko jirani na pH ya mwili, hivyo msukumo mdogo tu unatosha kuibadilisha chaji yake. Kimotripsini, kimeng'enya cha utumbo kinachokata protini, huitumia histidini namba 57 kuichukua protoni ya serini na kisha kuirudisha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa hemoglobini. Mwaka 1904 Christian Bohr, pamoja na Hasselbalch na Krogh, walionyesha kwamba kaboni dioksidi hupunguza uwezo wa damu kushika oksijeni. Sehemu kubwa ya sababu ni histidini namba 146, ya mwisho kabisa kwenye mnyororo wa beta. Hemoglobini ikiwa haina oksijeni, histidini hiyo hukaa karibu na aspatiki namba 94 yenye chaji hasi, na pKa yake hupanda. Oksijeni ikiingia, umbo hubadilika, jirani huyo huwa mbali, pKa hushuka na protoni hutoka. Kwa hiyo kwenye misuli inayofanya kazi, ambako asidi imeongezeka, protoni husaidia kuitoa oksijeni, na hemoglobini iliyotoa oksijeni hubeba karibu nusu protoni kwa kila molekuli ya oksijeni iliyoachiwa. Ni kundi lile lile, ndani ya protini ile ile, lenye pKa mbili kwa sababu mahali pamebadilika.

Papai bichi hulainishaje nyama ya mishkaki?

Utomvu wa papai bichi una papaini, kimeng'enya kinachokata protini. Silaha yake ni sisteini namba 25. Sisteini ya kawaida yenye pKa 8.6 ingekuwa na protoni karibu wakati wote kwenye nyama, ambayo pH yake huwa kati ya 5.5 na 6, na sisteini yenye protoni ni mvivu. Lakini kando yake yuko histidini namba 159. Wawili hawa hukaa kama jozi: sisteini hasi, histidini chanya. Kila mmoja humtuliza mwenzake, hivyo pKa ya sisteini hushuka hadi karibu 4 au chini yake, na ya histidini hupanda hadi karibu 8.5. Kati ya pH hizo mbili papaini iko tayari kwa kazi, na pH ya nyama imo humo.

Papai likiiva utomvu hupungua, ndiyo maana mpishi hutafuta lililo bichi. Na usiiache nyama kwenye papai usiku kucha: papaini haijui pa kuishia, nayo itaigeuza nyama kuwa uji.

## Chaji ya protini nzima

pI ni nini, na naihesabuje?

pI ni pH ambayo chaji chanya na hasi za protini zinalingana, jumla ikiwa sifuri. Tuchukue peptidi fupi yenye glaisini, aspatiki, histidini na lisini. Makundi yake ni ncha ya amino (8.0), aspatiki (3.7), histidini (6.5), lisini (10.4) na ncha ya kaboksili (3.7).

Karibu na pH 7, kaboksili mbili zina −2 na lisini ina +1. Ili jumla iwe sifuri, histidini na ncha ya amino lazima zichangie pamoja +1. Kwa pH 7.0 ncha ya amino ina +0.91 na histidini +0.24, jumla ya peptidi ni +0.15. Kwa pH 7.5 ni +0.76 na +0.09, jumla −0.15. Katikati yake, 7.25, ndiyo pI. Ni wastani wa 6.5 na 8.0, yaani pKa mbili zinazopakana na hali ya sifuri. Kosa la kawaida ni kuchukua wastani wa pKa zote tano.

Kwa protini yenye mamia ya asidi amino, kompyuta hufanya hesabu hiyo hiyo. Matokeo huwa mazuri kwa pI kuliko kwa pKa ya kundi moja moja, kwa sababu makundi ni mengi na tofauti zao hufidiana.

Je, kwenye pI protini haina chaji kabisa?

Hapana. Ina chaji nyingi, chanya na hasi, ila zinalingana. Chaji hizo zinaweza hata kuwa zimejikusanya: upande mmoja hasi, mwingine chanya.

Kwa nini maziwa huganda yakichacha?

Maziwa mabichi ya ng'ombe yana pH ya karibu 6.6. Takriban asilimia 80 ya protini zake ni kaseini, zilizokusanyika katika matone madogo sana yenye chaji hasi yanayosukumana. Bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. pH ikishuka, kaboksili na fosfeti za kaseini huanza kupokea protoni, kalsiamu fosfeti iliyoyashikilia matone huyeyuka, na ule msukumano hufifia. Kwenye pH 4.6, ambayo ndiyo pI ya kaseini, matone hushikana na mtindi hutuama.

Protini za maji ya mtindi, kama beta-laktoglobulini, hubaki zimeyeyuka kwenye pH hiyo iwapo maziwa hayakuchemshwa. Yakichemshwa kwanza, hufunguka na kushikana na kaseini, ndiyo maana mtindi wa maziwa yaliyochemshwa huwa mzito zaidi.

Kuganda kwenye pI ni sawa na protini kuharibika?

Si sawa. Protini inayotuama kwenye pI mara nyingi bado ina umbo lake, na ukirudisha pH huyeyuka tena. Kuharibika ni kupoteza umbo, kama yai linapochemshwa. Asidi kali au besi kali huweza kuleta hilo pia, kwa sababu chaji za aina moja zinapozidi ndani ya protini husukumana hadi umbo linafunguka. Lakini hiyo hutokea mbali na pI, si juu yake.

Kwa nini insulini glargini haichanganywi na insulini nyingine kwenye sindano moja?

Insulini ya binadamu ina pI ya karibu 5.4. Waliotengeneza glargini waliongeza arijinini mbili mwishoni mwa mnyororo B, na pI ikapanda hadi karibu 6.7. Kwenye kichupa dawa imewekwa kwa pH 4, mbali na pI, hivyo imeyeyuka na ni angavu. Ikichomwa chini ya ngozi, ambako pH ni karibu 7.4, hutuama kuwa chembe ndogo zinazoyeyuka polepole na kutoa insulini kwa takriban siku nzima. Badiliko jingine, asparajini ya mwisho wa mnyororo A kuwa glaisini, liliwekwa kwa sababu asparajini hiyo huharibika kwenye asidi.

Sasa ukiichanganya na insulini yenye pH ya karibu 7, unaivuruga pH inayoilinda, na muda wa kufanya kazi wa zote mbili hautabiriki tena. Onyo hilo lina sababu ya kikemia na mgonjwa anastahili kuelezwa.

## Hospitalini

Kipimo cha selimundu kinaonaje tofauti ya asidi amino moja?

Kwa chaji. Katika selimundu, glutamiki ya nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta imekuwa valini. Glutamiki ina −1, valini haina kitu. Hemoglobini moja ina minyororo miwili ya beta, hivyo inapoteza chaji hasi mbili. Kwenye elektroforesisi (kutenganisha protini kwa umeme) ya pH 8.4 hadi 8.6 hemoglobini zote zina chaji hasi kwa jumla na hukimbilia upande chanya, lakini hemoglobini S hubaki nyuma ya A. Mwenye vinasaba vya aina zote mbili huonyesha mistari miwili.

Linus Pauling na wenzake walitangaza tofauti hiyo mwaka 1949, pI zikiachana kwa takriban 0.2, na wakaita selimundu ugonjwa wa molekuli. Vernon Ingram alionyesha baadaye, katika miaka ya 1956 na 1957, kwamba ni glutamiki iliyogeuka valini. Kati ya hapo, mwaka 1954, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba wenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kipimo hiki kina uzito mkubwa kwetu.

Kina mpaka wake. Hemoglobini C ina lisini mahali pa glutamiki ile ile, badiliko la chaji mbili kwa mnyororo, hivyo huchelewa zaidi na kuonekana wazi. Lakini hemoglobini D-Punjab, ambayo glutamiki ya nafasi ya 121 imekuwa glutamini, imepoteza chaji sawa na S na husimama mahali pale pale. Mstari huo peke yake hautoshi kumwambia mzazi kwamba mtoto ana selimundu. Kinahitajika kipimo cha pili, kwa mfano jeli ya agari yenye sitireti kwa pH ya karibu 6.2.

HbA1c, hemoglobini iliyoshikwa na sukari inayopimwa kwa wenye kisukari, inahusianaje na haya?

Glukosi hushikamana na ncha ya amino ya mnyororo wa beta, na ili kushikamana inahitaji amini isiyo na protoni. Ncha hiyo ina pKa ya chini sana kuliko lisini, hivyo kwa pH ya damu sehemu yake kubwa iko tayari, ilhali lisini nyingi zimefungwa na protoni zao. Ikishashikwa, chaji ya hemoglobini hubadilika kidogo, na baadhi ya mashine hutumia badiliko hilo kuitenga.

Mashine za namna hiyo zinaweza kudanganywa na hemoglobini S au C, kwa kuwa nazo zimebadilisha chaji. Mgonjwa wa kisukari aliye na selimundu, au hata mbebaji tu, na majibu yake ya HbA1c hayafanani na vipimo vya sukari vya kila siku, daktari aulize maabara inatumia njia gani.

## Maabara na hali za pembeni

Nimeandaa bafa ya Tris (myeyusho wa kushikilia pH) ya pH 7.5, mbona kimeng'enya kinafanya kazi vibaya kwenye barafu?

Kwa sababu pH si 7.5 tena. pKa ya Tris hushuka kwa karibu 0.028 kwa kila nyuzi joto moja inayopanda. Ukiipima kwa nyuzi 25 kisha ukaipeleka nyuzi 4, inafika karibu 8.1. Pima pH kwa joto utakalofanyia kazi. Fosfeti haiyumbi hivyo. Makundi ya protini nayo yana tabia hii: histidini na lisini hubadilika na joto, kaboksili karibu hazibadiliki.

pKa ya kundi moja hupimwaje, katikati ya mamia?

Kwa NMR, mbinu ya sumaku inayotofautisha atomi kwa mazingira yake. Protoni moja ya pete ya histidini husogea kwa karibu ppm 1 kundi linapoachia protoni yake, kwa hiyo ukirekodi mahali ilipo kwa pH mbalimbali unapata mkunjo wa kila histidini peke yake. Ukitumia maji mazito, kumbuka kuongeza 0.4 kwenye usomaji wa kipima pH cha kawaida.

Ukiwa na umbo la protini bila maabara, programu kama PROPKA hukadiria kwa sekunde. Kwa makundi ya juu ya protini hukaribia ukweli. Kwa yaliyozikwa ndani, ambayo ndiyo muhimu kwa vimeng'enya, hapo hapo ndipo hukosea zaidi.

Mkunjo wangu haufuati Henderson-Hasselbalch. Nimekosea?

Si lazima. Mlinganyo ule huchukulia kwamba kundi liko peke yake. Pepsini ya tumboni ina aspatiki mbili, namba 32 na 215, zilizokaribiana kiasi kwamba zinagawana protoni moja: pKa ya kwanza ni karibu 1.5, ya pili kati ya 4 na 5. Kwa jozi ya namna hiyo kusema "pKa ya aspatiki 32" kunakuwa na utata, maana kila moja hutegemea hali ya mwenzake.

Sababu nyingine ni protini kubadilisha umbo njiani. Beta-laktoglobulini ina glutamiki namba 89 yenye pKa ya karibu 7.3, kwa kuwa imefunikwa na kitanzi cha protini. pH ikipanda kitanzi hufunguka na protoni huondoka. Unachopima hapo ni kundi na kitanzi kwa pamoja.

Arijinini: 12.5 au 13.8?

Vitabu vingi vinaandika karibu 12.5, thamani ya zamani. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2015 viliipandisha hadi 13.8. Kwa hesabu ya pI ya protini ya kawaida haibadilishi kitu. Kwa anayejiuliza kama arijinini ndani ya kimeng'enya inaweza kuachia protoni kwa pH 7, inabadilisha sana. Hata zikizikwa ndani, arijinini zimeonekana kubaki na chaji yao pale ambapo lisini ingeiachia. Ukisoma makala inayodai arijinini isiyo na chaji ndiyo inayopokea protoni, dai ushahidi wa moja kwa moja.

Fosfeti ikiongezwa kwenye protini, nihesabu chaji ngapi?

Serini yenye fosfeti ina pKa ya pili karibu na 6, hivyo kwa pH 7.4 hesabu karibu −2, si −1. Kuongeza asetili kwenye lisini huondoa +1. Asparajini inayogeuka aspatiki, jambo linalotokea polepole protini inapokaa muda mrefu, huongeza −1. Kwa hiyo mistari ya ziada kwenye jeli ya pI, inayotenga protini kwa pI zao, haimaanishi kwamba sampuli ni chafu. Mara nyingi ni protini yako mwenyewe, ikiwa imebadilika chaji moja moja.